Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Jumapili ya Shukrani

Mimi ni mjumbe wa baraza katika parokia ndogo ya Episcopal huku Iowa, katikati ya Marekani, na kwenye baraza hilo ni mimi tu ninayezungumza Kiswahili. Kwa hiyo kila ifikapo Novemba simu zote zinaishia kwangu. Wengine wananipigia kutoka kiwandani wakati wa mapumziko, wengine wananikamata dukani kwenye foleni ya kulipia unga. Maswali ni yale yale, basi nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili siku yenyewe nami nipate kula chakula changu kikiwa bado moto. Nimelelewa Muheza, Tanga. Mkiona Kiswahili changu kinaelemea upande huo, ndugu zangu wa Bukavu na Uvira kule Kongo mnisamehe.

Jumapili ya Shukrani ni siku gani hasa?

Ni Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, ile inayoitwa ya Kristo Mfalme. Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza na Majilio, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Kwa hiyo wakati majirani bado wana mwezi na ushee wa kumaliza kalenda, sisi tunafunga hesabu zetu mwishoni mwa Novemba: tunaimba, tunasoma habari za mwaka mzima, kisha tunateremka ukumbini chini ya kanisa kula. Mkutano mkuu wa kuchagua wajumbe na kusikiliza bajeti ni Januari, na huo, niseme kweli, unahitaji kahawa nyingi.

Sikukuu ya taifa ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, mwaka mwingine huitangulia Jumapili yetu na mwaka mwingine huifuata. Zina undugu lakini si kitu kimoja. Rais Lincoln alitangaza siku ya shukrani ya taifa zima mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinawaka. Kitabu cha Sala cha Kanisa hili kilikuwa na ibada ya kushukuru kwa mazao ya nchi, Alhamisi ya kwanza ya Novemba, tangu 1789. Huwa napenda kuwakumbusha hilo wenyeji wanaodhani siku ile ilianza na batamzinga na mpira wa televisheni.

Mbona mnajiita Episcopal? Ninyi ni Waanglikana au siyo?

Ni Waanglikana. Jina limetokana na vita. Wamarekani walipojitoa chini ya mfalme wa Uingereza, Waanglikana wa huku walibaki na makanisa na mapadri lakini bila askofu hata mmoja. Mwaka 1783 mapadri wa Connecticut walimchagua Samuel Seabury, wakampeleka London awekwe wakfu. Maaskofu wa kule wakasema lazima kwanza aape utii kwa mfalme. Mtu aliyetoka kwenye nchi iliyomwasi mfalme huyo huyo angeapaje? Akapanda kaskazini hadi Scotland, ambako Kanisa la Episcopal la kule halikuwa na kiapo hicho, na maaskofu watatu wakamwekea mikono mjini Aberdeen tarehe 14 Novemba 1784. Miaka mitano baadaye Kanisa la huku lilipata katiba yake na Kitabu chake cha Sala.

Neno lenyewe lisikutishe. Linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwangalizi, na ni neno hilo hilo lililopitia kwa Waarabu likatufikia sisi kama "askofu". Ukisema Kanisa la Episcopal, umesema Kanisa lenye maaskofu. Mtu wa Muheza, wa Boga kule Kongo au wa Maseno kule Kenya tayari yuko kwenye Kanisa la namna hiyo.

Je, ni kama sikukuu ya mavuno ya nyumbani?

Hapa ndipo watu wetu wanapochanganyikiwa, kwa sababu wanatazama kushoto na kulia hawaoni jogoo. Nyumbani mavuno ni mkungu wa ndizi, debe la mahindi, mbuzi anayelia wakati wa mahubiri, na baada ya ibada mnada. Huku kanisani kunaletwa makopo ya maharage na pasta kwa ajili ya ghala la chakula la mji. Yanapangwa mbele ya madhabahu kwa ustadi mkubwa, lakini makopo ni makopo.

Ajabu ni kwamba tumezungukwa na mahindi. Iowa inalima mahindi kuliko jimbo lolote la Marekani. Septemba ukiendesha gari unaweza kwenda saa nzima huoni kitu kingine. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Kisha mzee mmoja mkulima wa kanisani akanieleza kwamba mengi ya mahindi yale ni ya nguruwe, ng'ombe na mafuta ya magari. Unga wa ugali nanunua dukani kama kila mtu.

Miaka miwili iliyopita tuliomba ruhusa tuonyeshe mnada unavyofanyika. Mama mmoja kutoka Uvira alileta kuku wa kuchoma, maana wa kienyeji aliye hai bima ya jengo haimruhusu, na bibi mmoja wa hapa akaleta pai ya maboga. Pai ikanunuliwa kwa dola 20. Aliyenunua akairudisha mezani iuzwe tena, kama desturi yetu ilivyo. Mwenye pai akaona kama ametukanwa, kwamba pai yake imekataliwa! Ilibidi nisimame nieleze kwamba kitu kizuri hurudishwa ili Mungu apewe mara mbili. Pai ile iliuzwa mara nne. Sasa bibi yule huanza kuulizia mnada tangu Agosti, na mwaka jana alirudisha pai ya mwenzake hata kabla hajailipia.

Mwaka huu mmezika watu, boila ya kupasha joto kanisa imeharibika, fedha hazikutosha. Mnashukuru nini?

Shemeji yangu aliniuliza hivi mwaka jana kwa kejeli, nami sikuwa na jibu la haraka. Nitajibu polepole.

Siku ya Shukrani husomwa karatasi tatu. Ya kwanza ni ya mambo yaliyofanikiwa: watoto waliobatizwa, mikebe iliyopelekwa ghala la chakula, kijana aliyemaliza chuo. Ya pili ni ya majina ya waliofariki na waliohama. Ya tatu ni ya mambo yaliyotushinda. Hii ya tatu aliianzisha mhazini wetu wa zamani, mwalimu mstaafu, aliyesema amechoka kusikiliza taarifa za mwaka zinazosomeka kama barua ya kuomba kazi.

Karatasi ya tatu ya mwaka jana ilikuwa na mambo manne. Boila ilikufa Januari, tukasali Jumapili mbili ukumbini na makoti yetu, pumzi zikionekana kama moshi. Darasa la Kiingereza la Jumanne jioni lilikufa baada ya wiki sita, kwa sababu zamu za kiwanda cha nyama zilibadilishwa na wanafunzi wote wakawa kazini saa ile. Kwaya ya Kiswahili haikusimama, maana Wakongo walitaka gitaa na ngoma, Watanzania walitaka sauti nne, na kila upande uliona mwenzake hajui kuimba.

La nne lilisomwa bila majina. Familia moja imetuacha, kwa sababu mtoto wao alilazwa hospitali siku tisa na hakuna mtu wa parokia aliyekwenda kuwaona. Aliyepangiwa kwenda nilikuwa mimi. Nilikuwa na sababu zangu, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyofaa kusomwa mbele za watu.

Baada ya karatasi hizo tunasali. Kitabu cha Sala kina Sala ya Shukrani ya watu wote, iliyotungwa na Askofu Edward Reynolds wa Norwich na kuingizwa kwenye kitabu cha mwaka 1662. Wengi mnaijua kwa moyo kutoka nyumbani, kwa sababu inashukuru kwa kuumbwa kwetu, kulindwa kwetu na baraka zote za maisha haya. Kitabu cha Marekani cha 1979 kiliongeza shukrani nyingine, ya Padri Charles Price. Inashukuru kwa uzuri wa dunia na kwa kazi zinazotudai nguvu zetu zote, halafu, bila kubadilisha sauti, inashukuru pia kwa yale yaliyotuvunja moyo na yale tuliyoshindwa, kwa kuwa ndiyo yanayotufanya tukiri kwamba tegemeo letu ni Mungu peke yake.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani mchapaji amekosea. Kwetu mvua ikija tulishukuru, na isipokuja tulitubu. Kuchukua shamba lililokauka na kuliweka madhabahuni pamoja na malimbuko, hilo sikufundishwa. Sasa ndiyo sala ninayoingojea mwaka mzima. Boila sina la kusema juu yake, ni chuma. Lakini lile la nne nisingelisema popote pengine. Nyumbani kwangu ningelificha, barazani ningelieleza kwa maneno mengi. Pale, katikati ya sala, lilitajwa kama nalo ni mtoto wa nyumba.

Jumatatu yake nilimpigia simu baba wa familia ile. Hawajarudi. Ila simu anapokea.

Hicho kisanduku cha bluu cha karatasi ni cha nini?

Ni cha sadaka ya shukrani, na usikipeleke kazini kuwekea vijiti vya meno kama alivyofanya jamaa mmoja. Unakiweka mahali unapopita kila siku, mezani au karibu na kitanda. Kila unapokumbuka jambo la kushukuru unatia sarafu na kusema neno la asante. Senti 25 kwa kupata leseni ya udereva, senti 10 kwa sababu basi lilichelewa na wewe ulichelewa vile vile.

Desturi hii ni ya akina mama wa Kanisa hili. Waliianzisha 1889, na fedha za kwanza, dola elfu mbili na kidogo, zilikwenda kujenga kanisa huko Anvik, Alaska, na kumpeleka mmisionari mwanamke Japani. Mpaka leo visanduku hukusanywa na fedha zote hutolewa kwa miradi, ya Marekani na ya nchi nyingine za Ushirika wa Kianglikana. Wetu wa Umoja wa Akina Mama walipoelezwa hawakuhitaji maelezo mengi. Mmoja alisema, "Kumbe na wao wana kibubu."

Sadaka na ahadi zinakwenda wapi?

Msimu huu utapewa kadi ya ahadi, uandike utatoa kiasi gani mwaka ujao. Siyo deni wala mkataba. Baraza linahitaji makadirio, basi. Ukipoteza kazi, mwambie mhazini, anaifuta bila maswali.

Fedha yetu nyingi inaliwa na jengo. Nasema inaliwa makusudi: joto, bima, paa, theluji ya kuondolewa mlangoni. Fungu linalofuata ni mshahara wa padri, ambaye tunamlipa nusu ya muda kwa sababu ndiyo uwezo wetu. Sehemu inakwenda dayosisi, ambayo hapa Iowa ni moja kwa jimbo zima.

Kuna fungu moja ambalo watu wetu hawalijui na wanapaswa kulijua. Kanuni za Kanisa zinataka sadaka ya Ushirika Mtakatifu ya Jumapili moja kila mwezi, ile isiyopangiwa kazi nyingine, iwekwe mikononi mwa padri kwa ajili ya maskini na matendo ya huruma. Kwa hiyo ukiwa na bili ya umeme inayokutoa jasho, nenda kamwone padri. Hatalisema kwenye baraza, na mimi mjumbe sitajua. Wengi wanaona aibu. Aibu ya nini, na sarafu zako mwenyewe zimo humo?

Kwa nini kuna mtu anatuhesabu wakati wa ibada?

Si uhamiaji! Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ninaelewa kwa nini. Kila parokia hupeleka taarifa ya mwaka kwa Kanisa ifikapo tarehe 1 Machi, na moja ya mambo yanayotakiwa ni wastani wa watu wanaohudhuria Jumapili. Inaandikwa idadi tu, hakuna majina. Mzee anayehesabu huhesabu na watoto wachanga, na mara moja alimhesabu mwanasesere.

Nani anaamua mambo ya parokia?

Baraza, pamoja na padri. Linachaguliwa na washiriki kwenye mkutano wa Januari. Kwa kanuni za Kanisa, mshiriki mwenye miaka 16 anahesabiwa mtu mzima, kwa hiyo msiwaache vijana nyumbani mkidhani ni kikao cha wazee.

Kuna pia walinzi wa kanisa wawili. Mlinzi hapa si askari wa getini. Mmoja ni mshauri wa karibu wa padri, na mwingine kwa desturi ni mtu wa jengo, ndiye anayepigiwa simu usiku bomba likipasuka. Mwaka huu huyu wa pili aliichungulia boila na tochi mdomoni, na kama kuna mtu anayestahili nyama ya kwanza siku ile ni yeye.

Padri ni mwanamke. Tumwiteje?

Wakongo wanamwita Mama Pasta, Wakenya wanasema Kasisi, mimi wa Muheza ulimi wangu umezoea Padri kwa wanaume, basi nilikaa miezi mitatu nikimwita "samahani". Mwenyewe anasema anaitikia yote. Mwite Mama Padri kama mimi.

Nyumbani tunaambiwa Kanisa la Episcopal limepotea njia. Ni kweli?

Mtu anayeniuliza hili huwa amelala nalo siku nyingi, kwa hiyo silifanyii mzaha.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Mwaka 1974 wanawake 11 waliwekewa mikono ya upadri mjini Philadelphia kabla Kanisa halijaruhusu. Ruhusa ilitolewa 1976. Mwaka 1989 Barbara Harris, mwanamke mweusi, akawa askofu wa kwanza mwanamke katika Ushirika wote wa Kianglikana. Mwaka 2003 dayosisi ya New Hampshire ilimweka askofu Gene Robinson, mwanamume aliyeishi wazi na mwenzake mwanamume, na hapo ndipo uhusiano na makanisa mengi ya Afrika ulipopasuka. Kanisa Anglikana Tanzania lilitamka mwaka 2006 kwamba ushirika wake na Kanisa hili umeathirika. Leo Kanisa la Episcopal linafungisha ndoa za watu wa jinsia moja, na Kenya, Uganda na Rwanda zimesimama upande mwingine kwa nguvu.

Juu ya wanawake, hata nyumbani hatuko kitu kimoja: Tanzania dayosisi nyingine zinawaweka mapadri na nyingine hapana, na Kenya ilimpata askofu mwanamke, Emily Onyango, mwaka 2021.

Katika parokia yetu kuna watu wanaokubaliana na Kanisa hili kwa yote, na kuna wazee wa kwetu wasiokubaliana nalo hata kidogo katika jambo la ndoa, na wote wanapokea komunyo kwenye reli moja. Hakuna aliyewahi kulazimishwa kutamka asichokiamini. Binafsi nilikuja kwa sababu mke wangu alikuwa mjamzito, kulikuwa na barafu, na kanisa hili lilikuwa mwendo wa dakika nne. Nimebaki kwa sababu nyingine. Wewe njoo uone, kisha uamue mwenyewe.

Mimi ni Mlutheri, Mkatoliki, Mpentekoste. Naweza kuja? Na Mwislamu je?

Njoo. Aliyebatizwa katika Kanisa lolote anakaribishwa kupokea. Asiyetaka kupokea anakunja mikono kifuani anabarikiwa, na anayetaka kukaa kwenye benchi anakaa. Majirani zetu Waislamu huja kwenye chakula, na ndiyo maana kuna meza isiyo na nguruwe.

Ibada itakuwa kwa Kiswahili?

Nusu kwa nusu. Somo la kwanza na Zaburi ni kwa Kiswahili, Injili husomwa kwa lugha zote mbili, na Baba Yetu kila mtu anaisali kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, kwa pamoja. Hapo utasikia Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda na Kibembe vikianza pamoja na kuishia sehemu tofauti. Padri husubiri wa mwisho amalize.

Mabishano yapo, tena matamu. Mwaka jana tulichapa bango la "Asante Bwana", mama wa Bukavu akatuambia tumesahau herufi, ni "Aksanti". Tukasema kitabu kinasema asante. Akauliza kitabu cha nani. Ni kweli: Kiswahili cha vitabu vyetu vya sala kimetoka kwa wamisionari wa Unguja kama Askofu Steere, na hakuna aliyemuuliza mtu wa Kivu. Mwaka huu bango lina maneno yote mawili, na "Aksanti" limekuwa la juu kwa sababu yeye ndiye aliyenunua rangi.

Kutakuwa na ubani?

Ndiyo, mwanzoni na wakati wa kutoa vipaji. Wale wa Magila, Korogwe, Masasi na Unguja, ambako wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, walituzoesha ubani, kengele na mavazi, watajisikia nyumbani. Waliolelewa upande wa CMS, misheni ya Kianglikana ya kiinjili, Dodoma au Kenya ya kati, wataona tumeingia Roma kwa mlango wa nyuma. Wenye pumu wakae upande wa kulia karibu na dirisha.

Parokia bado inapokea wakimbizi?

Familia kadhaa za Kongo zilizo nasi zilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Kanisa la Episcopal kwa karibu miaka 40 lilikuwa na shirika lake la kuwapokea wakimbizi kwa mkataba na serikali. Januari 2025 serikali mpya ya Rais Trump ilisimamisha mapokezi hayo. Mwezi Mei mwaka huo huo ililitaka shirika lipokee Waafrikana weupe wa Afrika Kusini, waliopitishwa mbele ya watu waliokuwa kambini miaka na miaka. Askofu Mkuu wa Kanisa, Sean Rowe, alikataa na kutangaza kwamba mikataba na serikali itafika mwisho mwaka wa fedha wa serikali utakapofungwa, yaani Septemba.

Kwa hiyo familia mpya hazitujii tena kwa njia ile. Walio hapa bado wako hapa, na fomu zao, watoto wao shuleni, mtihani wa udereva, wengine na ndugu waliobaki kambini na tiketi iliyofutwa. Kazi hiyo haihitaji mkataba. Tunahitaji watu wenye gari siku ya Jumatano.

Kwenye karatasi ya kwanza ya mwaka ule, ile ya mafanikio, jambo la juu kabisa lilikuwa kwamba mama mmoja aliunganishwa na bintiye kabla milango haijafungwa. Kwenye ya tatu hatukuweka waliobaki, kwa sababu si sisi tulioshindwa hapo. Tulibishana sana juu ya hilo, na sina hakika tuliamua sawasawa.

Nilete chakula gani?

Unachokijua. Kila nyumba inaleta chungu kimoja. Wenyeji watakuja na maharage mabichi yaliyookwa kwa mchuzi wa uyoga na vitunguu vya kukaanga juu, na viazi vitamu vilivyofunikwa peremende nyeupe, ambavyo sitavitolea maoni. Sisi: pilau, sambusa, maharage, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu cha Wakongo. Mwenye kutia karanga kwenye sombe aandike kikaratasi, kuna mtoto karanga zinamdhuru vibaya. Mwaka jana sufuria la sombe liliisha kabla ya batamzinga, nami nilipata harufu tu.

Mandazi yasiletwe na watu zaidi ya wanne. Kila mwaka nasema hivi, na kila mwaka tunabeba mandazi mpaka Krismasi.

Nafanya zamu ya usiku na sina gari.

Nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa jioni. Kuna magari mawili yanayopita upande wa kiwandani saa moja asubuhi. Ukisinzia wakati wa mahubiri hutakuwa peke yako.

Na nikichelewa?

Ingia tu, karatasi ya tatu haisomwi kabla ya saa tano. Pitia mlango wa upande. Ule wa mbele bawaba zake zimeganda tangu wiki iliyopita, na mlinzi bado yuko kwenye boila.